Ufupi si Upungufu: Juu ya Kuithamini Tamthilia Fupi ya Jukwaani

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa somo la utunzi wa drama aliniletea mswada wa kurasa sita. Wahusika walikuwa wawili: mama wa makamo na karani wa ofisi ya serikali. Mama amekuja kutafuta cheti cha kifo cha mumewe. Karani anamwuliza jina, anamwuliza kijiji, anamwuliza tarehe, kisha anaitwa chumba cha pili. Anaporudi, anaanza tena kumwuliza jina. Mambo hayo yanarudiwa mara tatu, na mchezo unakwisha mama akiwa angali ameketi pale pale alipokuwa taa zilipowaka. Nilichukua kalamu nyekundu nikaandika kwamba msuko haujakamilika, kwamba wahusika ni bapa, na kwamba mgogoro haukufikishwa kileleni wala kutatuliwa. Nikampa alama za wastani. Makala haya ni jaribio la kueleza kwa nini nilikosea, na kwa nini naamini kwamba kosa lile halikuwa langu peke yangu.

Vigezo nilivyovitumia havikutoka hewani. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo tunavyofundisha. Mhakiki wetu wa Kiswahili akiletewa tamthilia hutafuta kwanza dhamira, kisha maudhui mengine, kisha usawiri wa wahusika, kisha msuko na mandhari, na mwisho lugha na mbinu za kisanaa. Utaratibu huu si mbaya kwa kazi ndefu. Mhusika mwenye maonyesho saba ana nafasi ya kubadilika, na mgogoro wenye kurasa themanini una nafasi ya kupanda na kushuka. Hata hivyo, utaratibu huo huo unapotumiwa kuupima mchezo wa dakika ishirini, mchezo huonekana kama tamthilia ndefu iliyokatwa miguu. Mhakiki hurekodi yale ambayo hayamo, kisha huyaita upungufu.

Jambo la ajabu ni kwamba kosa hili hatulitendi tena mbele ya hadithi fupi. Tumekwisha kukubali kwamba hadithi fupi si riwaya changa. Vitabu kama Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine, na baadaye Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, vimesomwa katika shule za upili za Kenya kama vitabu vya lazima, na mwalimu hatarajii hadithi ya kurasa kumi imweleze ukoo mzima wa mhusika. Lakini tamthilia zilizopewa nafasi ile ile, tuseme Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya ya Timothy Arege, Kigogo ya Pauline Kea na Bembea ya Maisha ya Arege huyo huyo, zote ni kazi za kujaza kitabu kizima. Hazina hatia kwa hilo. Ila mwanafunzi aliyelelewa nazo tu hufika chuo kikuu akiamini kwamba mchezo mfupi ni zoezi la wanaojifunza, ngazi ya kupandia kwenye tamthilia ya kweli.

Msimamo wetu ni kwamba tamthilia fupi ni utanzu wenye kanuni zake, na kwamba kipimo chake cha msingi ni muda wa jukwaani. Idadi ya kurasa haitoshi kutuambia lolote. Msomaji aweza kusita, akarudi nyuma, akapumzika, bali mtazamaji hawezi. Mwandishi mwenye dakika ishirini hana muda wa kueleza. Analo chaguo la kuonyesha hali moja na kutuacha tuone kinachoizunguka hali hiyo. Kwa hivyo swali la mhakiki haliwezi kuwa mhusika amekua vipi. Swali ni: ni kitu gani kimeachwa nje, na kutokuwepo kwake kunafanya kazi gani juu ya hadhira iliyoketi pale? Tutalifuata swali hili kwanza katika kazi chache za Kiingereza ambazo wengi wetu tumezisoma, kisha turudi nyumbani.

Tuanze na One for the Road ya Harold Pinter, iliyochezwa mara ya kwanza London mwaka 1984. Mchezo wote ni wa nusu saa hivi na una maonyesho manne. Mhoji, Nicolas, anazungumza na mfungwa Victor, kisha na mtoto wa Victor mwenye umri wa miaka saba, kisha na mkewe Gila, kisha na Victor tena. Hapigwi mtu mbele yetu. Tunachokiona ni mtu mmoja anayemimina kinywaji, anayesema sana, anayejisifu kwa uchaji wake na uzalendo wake, na wengine wanaojibu kwa neno moja moja. Mateso yako nyuma ya mlango. Tunayajua kwa mavazi yaliyochanika, kwa mdomo ulioumizwa hata mtu hawezi kusema sawasawa, na kwa maswali ya Nicolas yanayodokeza yale aliyofanyiwa Gila ghorofani.

Mwishoni Victor, ambaye ameambiwa kwamba yuko huru kwenda zake, anauliza habari za mwanawe. Nicolas anamjibu kwa sentensi fupi ya dharau juu ya mtoto yule, na sentensi hiyo iko katika njeo iliyopita. Hapo ndipo mchezo unapokwisha. Hakuna aliyesema kwamba mtoto ameuawa. Kifo kimetangazwa na kitenzi. Sisi wenye Kiswahili tunaweza kulisikia jambo hili kwa ukali hata kuliko Waingereza, kwa maana kwetu tofauti baina ya mtoto aliye hai na mtoto aliyekufa ingekuwa tofauti baina ya "ni" na "alikuwa". Mfasiri ambaye, kwa nia njema, angeongeza neno moja la kufafanua angekuwa ameuharibu mchezo mzima. Na mhakiki anayelalamika kwamba kifo cha mtoto hakikuandaliwa vya kutosha katika msuko hajasikia kiambishi kile kikianguka.

Mtazamaji wa Nairobi haitaji maelezo mengi juu ya mchezo huo. Miaka ile ile ya 1980 watu waliteswa katika vyumba vya chini vya Nyayo House, katikati ya jiji, huku raia wengine wakipita barabarani kwenda kazini. Alamin Mazrui alichapisha Kilio cha Haki mwaka 1981, na mwaka uliofuata akatiwa kizuizini. Sitaki kusema kwamba Pinter aliandika juu yetu. Ninachosema ni kwamba fomu aliyoichagua, ya chumba kimoja na mlango uliofungwa, inalingana na namna raia wa kawaida anavyoyajua mambo ya aina hiyo: kwa fununu, kwa sauti ya mtu inayobadilika, kwa mtu anayerudi nyumbani asiseme alikokuwa. Tamthilia ndefu ingelazimika kutufungulia mlango.

Kazi ya pili inatuhusu zaidi, nayo ni Mountain Language, iliyoonyeshwa na National Theatre ya London mwaka 1988. Mwaka 1985 Pinter alikwenda Uturuki pamoja na mwandishi Arthur Miller, na huko alipata habari za hali ya Wakurdi na ya lugha yao. Mchezo una maonyesho manne pia, na kuuigiza huchukua dakika zipatazo ishirini tu. Wanawake wamesimama nje ya gereza tangu asubuhi wakingoja kuwaona waume na wana wao. Mama mzee ameumwa mkono na mbwa wa askari. Afisa, badala ya kuuguza jeraha, anataka kujua mbwa huyo anaitwaje, kwani utaratibu wa kulalamika unahitaji jina la mbwa. Kisha wanatangaziwa kwamba lugha ya milimani imepigwa marufuku, kwamba ni lugha iliyokufa. Ndani ya chumba cha wageni mama anajaribu kumwambia mwanawe kwamba amemletea mkate, anamwambia kwamba amemletea matufaha, na kila akifungua kinywa mlinzi anamchoma kwa fimbo.

Katika onyesho la mwisho sheria imebadilishwa. Mlinzi anatangaza kwamba kuanzia sasa, hadi itakapoamriwa vingine, mama anaruhusiwa kusema kwa lugha yake. Mwana, mwenye damu usoni, anamweleza mamaye kwamba sasa anaweza kusema. Mama hasemi. Ameketi kimya, hata mwanawe anaanguka magotini akitetemeka. Sajini anaingia, anatazama, na anaona kwamba watu hawa hawasaidiki.

Mhakiki wa fani na maudhui atasema kwamba dhamira ni ukandamizaji wa lugha za wachache. Ni kweli, lakini ukweli huo haumsaidii mwigizaji wala mtazamaji. Uzito wa mchezo uko katika kimya cha mama, na kimya hicho kina sura mbili ambazo mwandishi amekataa kuzitenganisha. Je, mama amevunjika hata lugha imemtoka, au amekataa kupokea kama zawadi kitu alichokuwa nacho tangu kuzaliwa? Mwigizaji lazima aketi pale akiwa amebeba majibu yote mawili. Hakuna hotuba ya haki za binadamu ambayo ingeweza kutia uzito juu ya kimya hicho. Ingeupunguza.

Kuna jambo jingine ambalo husahauliwa na wanaousoma mchezo huu bila kuuona. Lugha ya milimani haisikiki jukwaani hata mara moja kama lugha ya kigeni. Mama na mwana wanasema Kiingereza cha lafudhi ya mashambani, na askari wanasema Kiingereza cha askari. Hadhira inawaelewa wote. Sisi watazamaji tumewekwa mahali ambapo mlinzi hawezi kufika: tunasikia kwamba sauti ile inayochomwa kwa fimbo inasema habari za mkate tu. Kati ya makelele ya walinzi taa hupungua, wahusika hutulia kama sanamu, na sauti za mioyo yao husikika, za mama na mwana, baadaye za mke na mume, zikisemezana mambo ya nyumbani. Katika muda huo mfupi mambo yaliyoachwa nje ya gereza huingia, kisha taa hurudi.

Je, mchezo huu ungechezwaje kwa Kiswahili? Swali hili nimeliuliza katika semina mara nyingi na jibu la kwanza huwa jepesi: Kiswahili kitakuwa lugha ya mama, na Kiingereza kitakuwa lugha ya afisa. Jibu hilo linatokana na kumbukumbu ya shule zetu, ambako mtoto aliyenaswa akisema lugha ya kwao alivishwa kipande cha chuma shingoni au alichapwa; marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza hali hiyo katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986. Lakini tusijipendelee. Kiswahili pia kimekuwa lugha ya askari. Kilitumika katika majeshi ya kikoloni, kilitumika na mlowezi kumwamrisha kibarua, na hadi leo raia wengi wa bara husikia Kiswahili kikiwaambia wasimame kando na watoe vitambulisho. Kwa mama wa Turkana au wa Pokot, afisa wa Pinter angeweza kusema Kiswahili, tena sanifu.

Na hata ndani ya Kiswahili chenyewe suala haliishi. Mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki iliundwa kusimamia usanifishaji uliojengwa juu ya Kiunguja, na lahaja kama Kimvita na Kiamu, zilizokuwa na hazina kubwa ya ushairi, zikajikuta nje ya darasa. Ningependa siku moja kuona Mountain Language ambamo mama anasema Kiamu na mlinzi anamsahihisha kwa Kiswahili cha vitabu vya shule. Hadhira ya Mombasa ingecheka mwanzoni. Sidhani kama ingeendelea kucheka. Hayo ndiyo maana yangu ninaposema kwamba tamthilia fupi hufanya kazi kwa kile ilichokiacha nje: Pinter hakututajia nchi, wala kabila, wala mwaka, na kwa hiyo kila jukwaa hulazimika kujijaza lenyewe. Mwaka 1996, London, kikundi cha waigizaji Wakurdi kilikuwa kikifanya mazoezi ya mchezo huu kwa bunduki za bandia, polisi wakaitwa, wakawakamata, na waigizaji wakakatazwa kuzungumza Kikurdi. Maisha yaliuigiza mchezo kabla ya watazamaji kununua tikiti.

Isidhaniwe kwamba ufupi unafaa kwa gereza na mateso tu. Heart's Desire ya Caryl Churchill, mojawapo ya michezo miwili iliyotolewa pamoja mwaka 1997 kwa jina la Blue Heart, ni ya kuchekesha sana. Baba, mama na shangazi wanamngoja jikoni binti anayerudi kutoka Australia. Mazungumzo yanaanza, yanaendelea kidogo, yanakatika, na wahusika wanarudi mwanzo. Wanaanza upya. Safari nyingine baba ameingia na vazi tofauti. Safari nyingine neno moja limebadilika na ndoa nzima inavunjika mbele yetu. Safari nyingine wanaingia watoto, au watu wenye bunduki, au ndege mkubwa kupita kiasi. Kila mara tunarudishwa pale pale. Hapa msuko haupandi wala haushuki, unazunguka. Lakini kadiri unavyozunguka ndivyo tunavyotambua kwamba familia hii haiwezi kumpokea binti yao, na kwamba sentensi ya mapenzi ambayo baba alitaka kumwambia mwanawe haitapata nafasi. Churchill anaonyesha kwamba urudiaji ni tendo. Nilipousoma mchezo huo mara ya kwanza nilimkumbuka karani wa mwanafunzi wangu, anayerudi kutoka chumba cha pili na kuuliza jina.

Hadi hapa msomaji anaweza kuuliza iwapo mwandishi wa makala haya hana cha kutaja isipokuwa London. Swali ni la haki. Ukweli ni kwamba Waswahili walikuwa na mchezo mfupi kabla ya sisi wahakiki kuujua. Katika maonyesho ya taarab ya Pwani na Visiwani palikuwa na vichekesho, michezo mifupi iliyoigizwa baina ya nyimbo ili kuwapumzisha wanamuziki na kuwachangamsha watu. Waigizaji walikubaliana juu ya kisa, kisha mazungumzo yakabuniwa papo hapo mbele ya hadhira. Mume mjinga, mke mjanja, mgeni kutoka bara, bwana mwenye makuu: hadhira iliwajua wahusika hawa tangu walipotokeza mguu. Mhusika bapa hapa hakuwa kasoro. Mwigizaji hakuwa na haja ya kupoteza dakika kumtambulisha mtu. Alianza moja kwa moja na mkasa.

Ebrahim Hussein aliielewa nguvu hiyo. Mchezo wake Alikiona, uliochapishwa pamoja na Wakati Ukuta katika Michezo ya Kuigiza mwaka 1970, unafuata njia ya kichekesho katika kueleza udanganyifu ndani ya ndoa, na ndiyo maana wasomi wengi wameupita haraka wakikimbilia Kinjeketile na Mashetani. Wanasema ni kazi ya ujana. Labda. Lakini Hussein huyo huyo alilichukulia suala la vichekesho kwa uzito katika utafiti wake wa uzamifu juu ya maendeleo ya thieta katika Afrika Mashariki, aliouwasilisha Berlin mwaka 1975, na mwaka uliofuata akatoa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Kazi hizi mbili fupi zimeandikwa kwa mtambaji mmoja. Hana mwenzake wa kujibizana naye. Katika Ngao ya Jadi mwili mmoja na sauti moja lazima vimbebe nyoka Sesota, vikibebe kijiji kinachoteswa naye, na viibebe hadhira inayosikiliza.

Tumezoea kuisoma Ngao ya Jadi kama ushairi, au kama istiari ya siasa za baada ya uhuru, na usomaji huo una manufaa yake. Ila ukiiweka jukwaani unagundua jambo ambalo ukurasa unalificha: mtambaji ndiye anayemshinda Sesota na ndiye anayemrudisha, kwa pumzi ile ile. Hakuna mtu mwingine wa kulaumiwa. Hadhira inayomshangilia inajikuta imekishangilia kitu ambacho dakika chache baadaye inakiogopa. Ufupi wa kazi hii hautokani na uchache wa mawazo. Ni kipimo cha pumzi ya mtu mmoja aliyesimama peke yake.

Nchini Kenya, makao makuu ya tamthilia fupi ni tamasha la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959. Kila mwaka michezo mingi, ya Kiswahili na ya Kiingereza, hupita katika kumbi za shule kuanzia ngazi za chini hadi taifa, ikiwa imefungwa ndani ya muda uliowekwa. Sehemu kubwa kabisa ya drama yetu huchezwa hapo. Lakini ni michezo michache sana iliyochapishwa, na michache zaidi iliyohakikiwa. Waamuzi hutoa maoni yao mdomoni, mabasi huondoka, maleba hurudishwa sandukuni. Sisi wa idara za fasihi huketi tukilalamika kwamba drama ya Kiswahili imedumaa, kwa sababu katika maduka ya vitabu hatukuona tamthilia mpya.

Dola, kwa upande wake, haijawahi kuidharau tamthilia fupi. Mwaka 2013 Shackles of Doom, iliyoandikwa na Cleophas Malala na kuigizwa na Shule ya Wasichana ya Butere, ilipigwa marufuku, na Mahakama Kuu ikaamuru iruhusiwe. Mwaka 2025 mwandishi huyo huyo na shule hiyo hiyo walirudi na Echoes of War. Mahakama Kuu iliamuru tena kwamba wasichana wasizuiwe kushiriki tamasha la kitaifa lililokuwa Nakuru. Siku ya onyesho, tarehe 10 Aprili, polisi walirusha vitoa machozi nje ya ukumbi kuwatawanya watu. Wasichana waliingia, wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuucheza mchezo wao.

Michezo hiyo miwili ni ya Kiingereza, na sina nia ya kuipima hapa kama sanaa. Linalonihusu ni tendo lile la mwisho. Katika Catastrophe ya Samuel Beckett, aliyoiandika mwaka 1982 kwa heshima ya Václav Havel aliyekuwa kifungoni, mtu mmoja amesimamishwa juu ya kibao huku mwelekezi akiamuru ainamishwe kichwa, avuliwe hiki, afanywe hivi. Na mwishoni, makofi yakilia, mtu yule anainua kichwa na kuwatazama watazamaji hadi makofi yanakufa. Mambo haya mawili si sawa, kwani Beckett alibuni na wale wasichana hawakubuni. Hata hivyo, aliyekwisha kufunzwa na mchezo wa Beckett anajua kusoma tendo dogo linapofanywa mbele ya watu kwa wakati wake. Asiyefunzwa atasema kwamba mchezo haukuchezwa, kwa hiyo hakuna cha kuhakiki.

Ni lazima nikiri upande wa pili. Tamthilia fupi nyingi za tamasha ni mbovu, na ubovu wake ni wa aina moja. Mwandishi amechukua kisa cha tamthilia ya saa mbili, chenye chifu mla rushwa, binti aliyeozwa, mwalimu mkombozi na kijiji kilichogawanyika, kisha akakishindilia ndani ya muda aliopewa. Kila mhusika anaingia, anatangaza msimamo wake, anatoka. Mwishoni wote wanaimba juu ya umoja. Hapo mhakiki akisema wahusika hawajakua anasema kweli, kwa kuwa mwandishi mwenyewe aliwaahidi kukua. Ufupi haumwokoi mtu asiyejua la kuacha. Na nadhani sehemu ya lawama inaturudia sisi tuliowafundisha walimu wanaoandika michezo hiyo. Tuliwapa orodha ya vigezo, na wao wameitimiza orodha.

Ningependa idara zetu zianze na jambo dogo: kila mwaka mwanafunzi mmoja wa uzamili aende tamashani na kinasa sauti na daftari, apate idhini ya waandishi, na alete michezo mitano au sita iliyoandikwa kama ilivyochezwa, pamoja na mahali waigizaji waliponyamaza na kwa muda gani. Mambo ya vituo na kimya hayawezi kupatikana katika mswada peke yake. Jarida kama hili lingeweza kuipa nafasi michezo hiyo, na uhakiki ungekuwa na kitu cha kushika.

Mswada wa kurasa sita sinao. Nilimrudishia mwenyewe, ukiwa na wino wangu mwekundu, na nijuavyo mimi hakuna nakala nyingine. Nakumbuka kwamba kila karani alipotoka, mwandishi alikuwa ameweka maelezo mafupi ya jukwaa kuhusu mkoba wa mama: mara ya kwanza uko mapajani, mara ya pili uko sakafuni, mara ya tatu ameufungua. Wakati ule sikujiuliza mkobani mlikuwa na nini.